Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Mkono wa Dezire

Wanangu, kila vijana wakijua nilifanya kazi gani, swali huwa ni lile lile: "Mzee Mbwana, hivi bunduki gani nzuri?" Wanauliza kama mtu anayeuliza timu gani itachukua kombe. Nami huwarudishia swali: nzuri kwa nani? Hapo wananuna. Walitaka niwatajie jina wakalitafute kwenye simu, waone picha. Sasa picha ina bega? Picha ina jicho? Kaeni basi niwaambie, na anayeona namchelewesha mlango uko wazi, hakuna atakayemshika shati.

Maisha yangu yote ya kazi nimelala na kuamka na bunduki, na sijampiga nayo hata njiwa. Kazi yangu ilikuwa kuzitunza. Kuzisafisha, kuzitengeneza, kumpa mtu inayomfaa asubuhi na kuipokea jioni nikiwa nimeikagua mbele ya macho yake. Nilianzia Tanga, kwenye kambi ya askari wa wanyamapori, chini ya fundi mmoja mkali kuliko pilipili kichaa, Fundi Salehe, Mungu amrehemu. Halafu maisha yakanivuta kusini mpaka Durban, na miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa mtunza silaha wa kampuni moja ya kusindikiza malori ya mizigo. Yadi yetu ilikuwa Isipingo, karibu na kituo cha taxi. Zile hiace za kule wanaziita taxi, na honi zake hazilali. Stoo yangu ilikuwa chumba cha zege chenye mlango wa chuma na dirisha dogo la kupitishia silaha. Mtu akifika dirishani, mimi ndiye mfalme.

Fundi Salehe alinifundisha mambo mawili, na mengine yote nimeyaokota njiani. La kwanza, ukipewa bunduki ukaambiwa iko tupu, wewe ichukulie imejaa, hata kama aliyekupa ni mama yako mzazi. Fungua, tazama, tia kidole. Mtutu uelekee chini kwenye mchanga, si kwenye mguu wa mtu. La pili, usimuulize mtu anapenda bunduki ipi, maana atakutajia aliyoiona kwenye sinema. Mpe iliyo tupu, mwambie afumbe macho, aipandishe begani kama anavyojisikia, kisha afumbue. Kama jicho limekaa sawasawa nyuma ya kilengeo bila kunyoosha shingo kama kobe, basi hiyo ni yake. Kama shingo inahangaika, mpe nyingine, au kata kitako.

Msidhani nilifika Durban nikijua kila kitu. Hewa ya pale ina chumvi, unaisikia mpaka kwenye midomo, na chuma kinapata kutu ukikigeuzia mgongo. Wiki ile ya kwanza mafuta ya bunduki yakaisha, nami kwa ujanja wangu wa Tanga nikazipaka mafuta ya nazi. Zikang'aa, nikajisifu. Kesho yake nafungua stoo nakuta sisimizi wamejipanga mistari, wanaingia mtutuni na kutoka kama wana mkutano. Walinzi wakanicheka mwezi mzima. Mmoja akawa kila akija kuchukua silaha anauliza leo wali uko wapi.

Sasa turudi kwenye kuchagua.

Kampuni ilikuwa inatumia bastola na bunduki za zamani za kukokota kwa mkono kila risasi. Mkubwa wetu, Mista Pillay, Mhindi wa palepale Durban, mtu mwema ila mpenda mambo ya kuonekana, akaamua tununue za nusu-otomatiki. Maana yake ni kwamba ukivuta triga inatoka moja tu, kisha yenyewe inatupa ganda na kujipakia nyingine. Ukitaka ya pili, unavuta tena. Akaleta aina mbili za majaribio, na akasema wazi kwamba tutachagua aina moja. Hapo alikuwa na akili. Kampuni yenye aina mbili ina magazini, vile vikasha vya kutilia risasi, za namna mbili, spea za namna mbili, na siku moja mtu atabeba magazini isiyoingia kwenye bunduki yake, agundue hivyo wakati mbaya kuliko wote.

Aina ya kwanza ilikuwa ya sura ya kizamani. Ndefu, kitako cha mbao, inashikwa kama bunduki ya mwindaji. Kizuizi chake cha usalama kiko katikati, mbele ya triga, unakisukuma kwa kidole. Walinzi wakaiita Bi Mkubwa. Ya pili ilikuwa fupi, nyeusi tii, kitako chake cha chuma kinakunjika ubavuni, na ina mpini wa kushikia kama wa bastola. Kizuizi kiko upande wa kulia, na tundu la kutupia maganda liko kulia vilevile. Hiyo ikawa Bi Mdogo. Na kama ilivyo kawaida ya nyumba za wake wawili, macho yote yalikuwa kwa Bi Mdogo. Vijana walikuwa wakiishika wanajitazama kwenye kioo cha gari. Mista Pillay akasema hiyo ndiyo, mteja akiiona tu anajua mzigo wake uko salama.

Mwalimu wetu wa shabaha alikuwa Mama Zodwa, Mzulu, mpana wa mabega, aliyewahi kuwa askari polisi. Yeye hakuwa mtu wa kioo. Alitaka kujua kwanza watu wake wakoje. Siku ya kwanza akawapanga walinzi wote uwanjani, Wazulu, Watanzania, Wakongo, Warundi, akauliza kwa sauti, "Nani hapa anatumia mkono wa kushoto? Anyooshe."

Hakuna aliyenyoosha hata kidole.

"Sharp," akasema, yaani sawa. "Wote wa kulia. Basi hii fupi haina tabu."

Nyinyi mnaosikiliza sasa hivi mnaona ni swali la kawaida. Lakini hebu fikirini waliosimama pale. Ni nani kati yetu alilelewa kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto akabaki salama? Kwetu Tanga ungekula kofi kabla kitu hakijafika. Kwa Wazulu unapokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeushika ule wa kulia kwa adabu. Kwa Warundi na Wakongo ni hayo hayo. Kumuuliza mtu mzima mbele za wenzake kama ni wa kushoto ilikuwa kama kumuuliza kama ananawa baada ya kutoka chooni. Mama Zodwa mwenyewe baadaye alinikiri kwamba bibi yake alikuwa anamchapa kijiko kwa sababu hiyo hiyo, na bado hakuliona jambo hilo mpaka lilipomwangukia mguuni.

Lililomwangukia mguuni lilikuwa Dezire.

Dezire alikuwa Mrundi, mrefu, mpole, kijana wa kupendeza. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akilinda magari ya watu pale South Beach, chini ya yale maghorofa ya ufukweni, anawapungia mkono waegeshe, wakitaka wampe kitu, wasipotaka wamwache na jua lake. Alikuwa amempata mchumba, Klodina, binti wa pasta wa Kirundi. Pasta akamwambia kwa upole wa kipasta kwamba hana neno naye, ila binti yake hatamwoza kwa mtu anayepungia magari. Alete kazi ya kueleweka. Kwa hiyo Dezire alivyopata nafasi ya majaribio kwenye kikosi cha kusindikiza malori, tarehe ya harusi ikapangwa, na gauni likaanza kushonwa. Lililobaki ni afaulu shabaha.

Akafeli. Akarudia, akafeli tena. Nilikwenda mwenyewe kuiangalia ile karatasi ya shabaha na kwa kweli nilidhani ameelekeza kwa jirani. Mtu yule alikuwa msikivu, mkono hautetemeki, haogopi mlio, na bado risasi zake zilikwenda kila mahali isipokuwa pale. Mama Zodwa akamwambia, "Ijumaa ijayo ni ya mwisho, mwanangu. Nikikupitisha hivi nitakuwa nimemuua dereva wako."

Jioni akaja kurudisha silaha dirishani kwangu. Uso umeanguka.

"Mzee, hii bunduki haiko na shida," akasema. "Shida iko miye."

"Nani kakwambia?"

"Karatasi ndiyo imesema, Mzee. Nitarudi South Beach. Na Klodina, pasta atamupa mtu mwingine."

Nilimpenda sana yule kijana, nasema wazi. Alikuwa haondoki dirishani bila kuuliza mgongo wangu umeamkaje. Nikamwambia asikate tamaa, akakae pale kwenye benchi, ninywe chai nifikiri. Nikammiminia na yeye kikombe. Basi akakichukua kwa mkono wa kulia, na nusu ya chai ikamwagika kwenye suruali. Nikacheka, nikampa kitambaa. Lakini kichwani kitu kikagonga. Siku zote nilikuwa nikimwona Dezire akila ugali mchana, matonge yanadondoka kama ya mtoto, nikafikiri ni adabu ya kujizuia mbele ya wazee.

Nilikuwa na machenza kwenye bakuli, msimu wake Durban yamejaa kila kona. Nikachukua moja, nikaendelea kuongea habari za kitako na mafuta, kisha bila kumtahadharisha nikamrushia.

"Dezire!"

Akalidaka. Safi, hewani, bila kutazama. Kwa mkono wa kushoto.

Kisha akaliangalia chenza lile mkononi, na haraka haraka akalihamishia kulia kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. Nikamwambia anyooshe mikono yote miwili mbele yake, akutanishe vidole abakize kitundu kidogo katikati, na kwa macho yote mawili aitazame robot iliyoko nje ya geti, yaani zile taa za barabarani. Akaitazama. Nikamwambia sasa avute mikono polepole mpaka usoni, robot isitoke kwenye kitundu. Mikono ikaja, ikaja, ikaishia kwenye jicho la kushoto. Jaribuni nyinyi baadaye, si dhambi. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza, na la Dezire lilikuwa la kushoto. Maskini wa watu alikuwa anaweka bunduki bega la kulia, halafu jicho la kushoto ndilo linalolenga. Hata mimi ningepiga kwa jirani.

"Wewe ni wa kushoto," nikamwambia.

"Hapana, Mzee. Nilikuwaga. Shangazi alinitengeneza."

Ndipo akanieleza. Alilelewa na shangazi yake, Shangazi Leonsia, tangu wazazi wamefariki. Mtoto akikaa mezani, shangazi anachana kipande cha kitenge, anamfunga ule mkono wa kushoto kiunoni mpaka chakula kiishe. Si kwa ukatili. Hakutaka watu waseme mtoto wa kulea hana malezi. Na huyo Shangazi Leonsia alikuwa papo hapo Isipingo, akiuza maandazi na chai ya maziwa pembeni ya kituo cha taxi. Nusu ya walinzi wetu walikuwa wateja wake.

Nikamwambia Dezire kesho aje apige kwa kushoto. Akakataa. Mtu ambaye alikuwa tayari kupoteza kazi na mchumba, akakataa katakata. "Walinzi wote wanakulaga kwa Shangazi," akasema. "Watamwambia. Ataona haya."

Basi ikabidi fundi wa bunduki ageuke mshenga. Asubuhi nikaenda kwa Shangazi Leonsia, nikanunua maandazi ambayo sikuyahitaji, nikangoja wateja wapungue. Alikuwa mama mfupi, kilemba kimekaa sawasawa, macho ya mtu asiyedanganyika.

"Dada yangu," nikaanza, "nimekuja kwa habari ya Dezire."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya. Ndiyo shida yenyewe." Nikamweleza yote, jicho, bega, karatasi, Ijumaa. Akanisikiliza huku anageuza maandazi kwenye mafuta.

"Ule mkono haiko ya watu, baba," akasema. "Ule ni wa chooni."

"Kweli kabisa. Na mimi Tanga nimekula makofi kwa ajili yake. Lakini dada, bunduki haisalimii mtu. Haipokei zawadi. Haijui adabu hata kidogo. Inataka jicho tu."

Hakucheka. Akatoa maandazi, akayapanga, akafuta mikono kwenye aproni. "Na hii harusi, asipopita?"

"Pasta unamjua kuliko mimi."

Akasukuma donge jingine la unga, mimi nikamaliza andazi zima. Kisha akasema, "Kazini ni kazini. Huko akamate na mkono anaotaka. Lakini mezani kwangu, ni kulia. Mwambie hivyo."

Nikamshukuru nikaondoka haraka kabla hajabadili mawazo.

Siku ile ile Dezire akasimama uwanjani na Bi Mdogo kwenye bega la kushoto. Risasi ya kwanza ikaenda pale pale katikati, Mama Zodwa akapiga kofi la furaha pajani. Ya pili ndiyo iliyoleta burudani. Nimewaambia tundu la maganda la Bi Mdogo liko kulia. Mtu wa kulia uso wake uko upande wa pili, hana habari. Wa kushoto uso wake unaangalia tundu lenyewe. Lile ganda likatoka, likampitia puani, likaingia kwenye kola ya shati, likatelemka tumboni. Na ganda likitoka linachoma kama kaango. Dezire akacheza ngoma ambayo sijaiona Tanga wala Durban, kiuno huku, mabega kule, walinzi wako chini wanagaragara kwa kicheko. Lakini Mama Zodwa hakuwa anatazama kiuno. Alikuwa anatazama mtutu. Katika kucheza kote kule, mtutu haukutoka kwenye mchanga, na kidole hakikurudi kwenye triga.

"Huyu namtaka," akaniambia. "Ila si na hiyo bunduki. Sasa kila risasi atafumba macho, akingoja ganda."

Nikampa Bi Mkubwa. Kizuizi chake kiko katikati, hakibagui mkono, na maganda yake inayatupa juu na mbali. Ila kitako kilikuwa kirefu kwake, maana urefu wa Dezire ulikuwa miguuni, si mikononi. Hapo ndipo ninapoipendea mbao, wanangu. Ukiweka kitako kwenye kiwiko ukakunja mkono, kidole kifike kwenye triga bila kunyooka. Chake hakikufika. Nikachukua msumeno, nikakata upana wa kidole, nikapiga msasa, nikarudisha bamba la mpira. Bi Mdogo kitako chake ni chuma, kinakwambia ndivyo nilivyo, ukitaka usitake. Dezire akafumba macho, akaipandisha, akafumbua, akatabasamu. Shingo imetulia. Karatasi ya siku hiyo niliibandika ukutani stoo.

Mnadhani yameisha? Bado Mista Pillay. Yeye moyo wake ulikuwa kwa Bi Mdogo, na kampuni inanunua aina moja. Ikinunuliwa Bi Mdogo, Dezire amerudi kupungia magari.

"Mbwana," akaniambia, "hii yenu ya mbao inafanana na bunduki ya babu yangu."

"Babu yako alifika uzeeni, bosi?"

"Alifika."

"Basi."

Lakini alikuwa na hoja, sikatai. Kazi yetu ilikuwa ya kushuka garini, na kitu kirefu mlangoni ni tabu. Mama Zodwa akasema sawa, tusibishane kwa mdomo, ileteni bakkie, yaani pikapu, ile ya milango minne, hapa uani tujaribu. Nikafungua kila bunduki, nikatazama, nikatia kidole, zote tupu. Tukaanza.

Mlango wa mbele wa kushoto, kule anakokaa abiria, Bi Mdogo ikashinda, nasema kweli. Bi Mkubwa ikanasa kwenye mkanda wa kiti mara mbili, mpaka nikawaonyesha mguu utangulie, mtutu ukae chini kati ya magoti, ndipo mwili ufuate. Baada ya hapo zikakaribiana. Kisha Mama Zodwa akasema tujaribu kiti cha nyuma, upande wa kulia, nyuma ya dereva. Mista Pillay akavua koti, akasema hiki nafanya mwenyewe, akapanda na Bi Mdogo.

Kaeni kwenye kiti mjaribu, wanangu. Mtu wa kulia akiwa amekaa, kugeukia kushoto ni rahisi, ila kugeukia kulia anajifunga mwenyewe kama sambusa. Mista Pillay akageuka kulia kwenda mlangoni. Kiwiko kikagonga nguzo, mtutu ukagonga kiti cha dereva, akajaribu kujinyoosha, akaangukia mbele kati ya viti viwili, na kwa mkono wa kutafuta pa kujishikia akabonyeza honi. Honi ikalia, haikomi, kwa sababu uzito wote wa Mista Pillay uko juu yake. Taxi za kituoni zikadhani ni salamu, nazo zikajibu.

Tulipomtoa, akajikung'uta, akasema, "Gari hii ina kasoro."

"Gari haina kasoro," Mama Zodwa akasema. "Dezire, panda wewe. Pale pale."

Dezire akapanda na Bi Mkubwa yake. Mtu wa kushoto akiwa amekaa, kulia ndiko kwake. Mlango ukafunguka, mguu ukatangulia, akageuka, na kabla Mista Pillay hajamaliza kufunga vifungo vya koti, Dezire alikuwa amesimama nje, kitako begani, jicho limetulia. Hakugusa nguzo wala kiti. Alivyofanya ni kama mtu anayeshuka kwenda dukani.

Mama Zodwa akatazama bakkie, akamtazama Dezire, akatazama bakkie tena. "Eish," akasema taratibu. "Kumbe kila gari linataka mtu wa kushoto pale nyuma. Na mimi niliuliza, sikupata hata mmoja."

Nikampelekea bakuli la machenza, nikamweleza nilivyomnasa Dezire kwa chenza moja. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake asubuhi akapita kwenye mstari wa walinzi anasalimia mmoja mmoja, na ghafla chenza usoni. Walidaka. Na waliodaka kwa kushoto wakaganda, wanautazama mkono wao kama wa mtu mwingine. Hawakuwa wengi, ila walitosha kupata mmoja wa nyuma kwenye kila gari, Mzulu mmoja mwenye mvi akiwemo, aliyekuwa akipiga vibaya miaka yote akisingizia miwani.

Bi Mkubwa ikanunuliwa. Mista Pillay aliomba tu tuzing'arishe mbao vizuri, ili mteja aone kitu. Nikazing'arisha, na si kwa nazi. Ijumaa Dezire akafaulu, Pasta akapelekewa habari, na gauni likamaliziwa.

Harusi ilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi Mwislamu nilikaa viti vya mbele nimevaa kanzu na kofia, kwa sababu Dezire alisema baba yake hayupo na kuna kiti hakina mtu. Nilitaka kulia, nikajifanya nakohoa. Mama Zodwa alivaa kofia pana kiasi kwamba waliokaa nyuma yake hawakuiona harusi. Klodina alimeremeta. Ikafika keki. Bibi na bwana wakalishana, Dezire kwa mkono wa kulia, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayebeba yai, kwa kuwa Shangazi Leonsia alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka pale, kilemba kipya, macho yale yale.

Kisha mshereheshaji akatangaza bwana harusi amlishe mzazi wake. Shangazi akasimama. Dezire akachukua kipande cha keki kwa mkono wa kulia, akakibana mno kwa vidole ili kisimdondoke. Keki ikavunjika. Ikamwangukia Shangazi kwenye kitenge chake cha harusi, krimu ikaburuzika mpaka chini. Dezire akachukua kipande kingine, hicho nacho kikaanza kumeguka njiani.

Shangazi Leonsia akamshika kifundo cha ule mkono wa kulia, akaushusha polepole mpaka ukakaa ubavuni. Akaushikilia pale pale, kiunoni.

"Mwanangu," akasema, "nilishe na ule mwingine."

Akafungua mdomo, akangoja.